Sepsisi Kwenye Faili: Neno la Daktari Latosha, au Maabara Ithibitishe?

Mgonjwa amelazwa na homa kali, presha imeshuka hadi 84/50, damu imeoteshwa maabara na majibu yamerudi bila kijidudu chochote. Daktari ameandika neno moja: sepsisi, yaani maambukizi yaliyoulemea mwili. Faili likifika idara ya rekodi, afisa aweke msimbo wa sepsisi (herufi na namba zinazowakilisha ugonjwa) au arudi kwenye ugonjwa ulioleta homa? Nairobi swali hili lina uzito wa pesa pia. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, dai la malipo bado linasimama juu ya utambuzi ulioandikwa, na kitanda cha ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, hakilipwi sawa na cha wodi ya kawaida.

Wanaotaka ukali wana hoja nzito. Vigezo vya zamani, vya mwanzo wa miaka ya 1990, viliridhika na dalili mbili tu kati ya nne: joto zaidi ya 38 au chini ya 36, mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, pumzi zaidi ya 20, au chembe nyeupe zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000. Kwa kipimo hicho, kijana mwenye mafindofindo na mtu aliyerudi kutoka Busia na malaria wote wana sepsisi. Ndiyo maana mwaka 2016 wataalamu waliibadili fasili: sepsisi ni maambukizi yaliyofanya viungo vishindwe kazi kiasi cha kutishia uhai, na alama za SOFA, kipimo cha kushindwa kwa viungo, zimepanda kwa 2 au zaidi. ICD-11, toleo jipya la orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, imeifuata fasili hiyo, kwa misimbo ya 1G40 pasipo mshtuko na 1G41 penye mshtuko. Neno likitumiwa ovyo, kaunti haiwezi kujua ni wangapi waliougua kweli, na mkaguzi wa madai hujenga mazoea ya kulishuku hata pale lilipo halali.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. SOFA hupima mifumo 6: mapafu, kuganda kwa damu, ini, moyo na mishipa, ubongo, figo. Alama za mapafu zinataka kipimo cha gesi za damu. Za ini zinataka bilirubini. Hospitali isiyo na mashine hiyo, au ambayo kemikali za maabara zimeisha, haipimi, na kisichopimwa kwa kawaida huhesabiwa 0. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa wa hospitali yenye vifaa haba huonekana mzima kwenye karatasi kuliko mwenzake wa hospitali tajiri, ilhali hali zao ni moja. Hilo ni jambo la haki, si la takwimu peke yake.

Kuhusu damu iliyooteshwa, wanaodai lazima kijidudu kionekane wamekosea kabisa. ICD haina sharti hilo: katika ICD-10, toleo lililotangulia, A41.9 ipo kwa ajili ya sepsisi ambayo kijidudu chake hakikujulikana. Majibu hutoka matupu kwa sababu zinazojulikana. Mgonjwa alianza amoksilini ya duka la dawa kabla hajafika hospitalini. Damu ilichukuliwa baada ya dozi ya kwanza ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria. Chupa ya mtu mzima inayotaka mililita 8 hadi 10 ilitiwa 2, au ilitumwa chupa moja badala ya seti mbili kutoka sehemu mbili za mwili. Na kuna kinyume chake: Staphylococcus epidermidis, bakteria wa kwenye ngozi, ikiota kwenye chupa moja tu, mara nyingi imetoka kwenye ngozi wakati wa kudunga sindano. Afisa wa rekodi asikimbilie A41.1, msimbo wa sepsisi ya bakteria wa aina hiyo, kwa kusoma karatasi ya maabara. Daktari ndiye wa kusema kama ni uchafu au ugonjwa.

Msimamo wetu ni huu: neno la daktari ni lazima, lakini peke yake halitoshi. Maelezo yataje chanzo cha maambukizi, angalau kiungo kimoja kilichoathirika pamoja na namba yake, na maneno yanayoviunganisha. SOFA kamili isidaiwe. «Mgonjwa yuko septiki, endelea na dawa» haimsaidii yeyote. Linganisha na hili: «Sepsisi itokanayo na nimonia, figo zimeshindwa ghafla kwa sababu ya sepsisi, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) imepanda kutoka 88 hadi 212.» Hapo afisa ana A41.9, J18.9 ya nimonia na N17.9 ya figo kushindwa ghafla bila kubahatisha, na kwa ICD-10 anaongeza R65.1 kuonyesha kiungo kimeshindwa. Ukiondoa «kwa sababu ya», figo inaweza kuwa imeharibiwa na kuhara, au na dawa ya gentamaisini. «Urosepsisi» nalo ni neno la kuepukwa: halisemi kama maambukizi yameishia kwenye njia ya mkojo, N39.0, au yamezaa sepsisi.

Kosa moja linahitaji tahadhari ya pekee, nalo ni kunakili misimbo ya Marekani. Kurasa nyingi za mtandaoni hufundisha R65.20 na R65.21, za sepsisi kali bila mshtuko na yenye mshtuko. Hizo ni za toleo la Marekani. Katika ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, R65.2 ni ya hali isiyotokana na maambukizi kabisa, na mshtuko wa sepsisi ni R57.2. Kisha R65 haiwi kamwe msimbo mkuu. Mama aliyejifungua karibuni huenda O85 na mtoto mchanga P36, si A41.

Panapokosekana maelezo, afisa aulize siku hiyo hiyo, kabla faili halijaenda kwenye madai, na aulize bila kumtilia daktari jibu mdomoni: «Presha 84/50, noradrenalini (dawa ya kupandisha presha) imeanzishwa. Hali hii imetokana na nini?» Kuuliza «Je, huu si mshtuko wa sepsisi?» ni kuomba msimbo. Majibu ya maabara yakifika siku ya tatu na bakteria aina ya Klebsiella, mgonjwa akiwa amesharuhusiwa, lazima awepo mtu mwenye jukumu la kulifungua faili tena ili daktari athibitishe na A41.9 igeuke A41.5, msimbo wa kundi la bakteria hao. Bila mtu huyo, kijidudu hubaki kwenye daftari la maabara.

Fomu ya kifo, D1, ndipo ukali unapohitajika zaidi. Sepsisi ni njia aliyopitia marehemu. Chanzo kiandikwe mstari wa chini kabisa. Mstari wa kwanza mshtuko wa sepsisi, wa pili maambukizi ya utando wa tumbo, wa tatu utumbo kutoboka, wa nne homa ya matumbo, na kila mmoja na muda wake pembeni. Ikiandikwa «sepsisi» peke yake, kifo huhesabiwa A41.9, na afisa wa afya ya umma hapati sababu ya kwenda kupima maji ya mtaa alikotoka marehemu.