Zebaki ya Meno: Tuiogope Mdomoni au Kwenye Sinki?

Ile dawa ya kijivu ya kuzibia meno, amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Novemba 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikutana Geneva zikakubaliana kuwa ikifika 2034 isitumike tena. Naunga mkono. Ila wengi wanaishangilia habari hii kwa sababu ambayo kwangu si kubwa: kwamba dawa hiyo inawaua polepole walio nayo mdomoni.

Ni kweli ukitafuna, mvuke kidogo wa zebaki hutoka. Lakini majaribio mawili yaliyochapishwa 2006, moja la watoto 534 Marekani na jingine la watoto 507 Lisbon, yaliwafuatilia watoto kwa miaka mitano hadi saba. Waliozibwa kwa amalgamu walikuwa na zebaki zaidi kwenye mkojo, ila akili na kumbukumbu zao hazikupishana na za wenzao. Marekani hata hivyo ilishauri mwaka 2020 kwamba wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wagonjwa wa figo waepushwe nayo, na hiyo ni tahadhari ya busara. Kisicho na busara ni kwenda kuchimbua kizibo kizima kisichokusumbua. Kukichonga ndiko kunakofumua mvuke mwingi.

Sasa tazama sinki. Daktari anachonga kizibo cha zamani, vumbi la kijivu linachanganyika na mate, mgonjwa anasukutua na kutema, maji yanazoa kila kitu. Kliniki ninayotibiwa mimi, bomba hilo linashuka moja kwa moja shimoni. Zebaki ikifika kwenye tope la mto au ziwa, bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayopanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, kisha hadi sahani yako. Watu wa Minamata, Japani, waliangamia kwa samaki waliosumishwa na zebaki ya kiwanda. Kichujio kizuri cha sinki hunasa angalau asilimia 95 ya chembechembe hizo, na Ulaya imekilazimisha tangu 2019.

Wanaoitetea amalgamu nao wana hoja nzito. Ni imara, ni nafuu, na haisumbuliwi sana na mate. Dawa nyeupe ya kugandishwa kwa taa inataka umeme na jino kavu kabisa. Njia ya kati tunayo, tena ilianzia Dar es Salaam miaka ya 1980: kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji ya glasi, bila mashine. Tangu 2021 saruji hiyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa tundu dogo inafaa sana. Kwa gego lililoliwa pande mbili, hubanduka mapema, na mgonjwa asiye na hela ya dawa nyeupe atang'olewa. Serikali zisipolipia pengo hilo, marufuku itaishia kwenye koleo.

Na vichujio visisubiri. Amalgamu iliyomo midomoni leo itaendelea kuchongwa na kung'olewa miaka mingi baada ya 2034, na kila gego lenye kizibo hicho likitupwa kwenye tanuri la taka za hospitali, zebaki yake inapaa na moshi.