Ukikiri utabiri mbovu, taja na sababu

Juzi tulikaa watu saba, wote wagonjwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mmoja wetu akatupa swali: kila mtu aseme utabiri wake mbovu kuliko wote. Nilifurahi sana. Nimekuwa nikilingojea swali hilo kwa miaka. Lakini haikupita muda nikawa nimenuna, na mpaka leo bado linanikera, ndiyo maana naandika.

Wa kwanza alisema aliamini Greg Oden angetawala ligi. Wa pili akamtaja Darko Miličić, chaguo la pili la mwaka 2003 ambaye hakuwika. Wa tatu akasema Lakers ya 2012, ile ya Kobe, Dwight Howard na Steve Nash, kwamba aliwapa ubingwa kabla msimu haujaanza. Watu wakacheka, zamu ikasonga. Hapana. Hayo ni makosa tuliyoyafanya karibu wote, na ukikosea pamoja na umati hakuna anayekudai kitu. Oden hata simhesabu. Portland walimchukua namba moja mwaka 2007, siku timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, mbele ya Kevin Durant, magoti yakamwangusha, akaondoka kwenye ligi akiwa amecheza mechi 105 tu za msimu wa kawaida. Aliyesema kijana yule anajua mpira alisema kweli. Magoti yake nani angeyaona?

Mimi nataka kusikia ulitazama nini, ukakipa uzito gani, na ni kitu gani kilikuwa mbele ya macho yako ukakataa kukitazama. Kumtaja mchezaji tu na kusubiri kicheko hakutoshi. Basi nianze na langu.

Machi 2012, Golden State, timu yangu, walimtoa Monta Ellis kwenda Milwaukee, pamoja na Ekpe Udoh na Kwame Brown, wakapewa Andrew Bogut na Stephen Jackson. Sikulala vizuri. Bogut alikuwa amevunjika kifundo cha mguu, hata kuvaa jezi msimu ule asingeweza. Ellis alikuwa mfungaji wetu mkuu, mtu wa zaidi ya pointi 20 kwa mechi, mwenye kasi ya kumpita yeyote. Na aliyebakishwa ajengewe timu ni Stephen Curry, ambaye kifundo chake kilikuwa kimeshapasuliwa na ambaye msimu ule alicheza mechi 26 kati ya 66. Nilisema, tena kwa sauti, kwamba wamemuuza mtu wasiyepaswa kumuuza. Curry ndiye aliyepaswa kuondoka.

Siku sita baadaye, tarehe 19, walikuwa wanaitundika jezi namba 17 ya Chris Mullin, nyota wao wa zamani. Mmiliki Joe Lacob aliposhika kipaza sauti, uwanja mzima wa Oakland ulimzomea, hata Mullin mwenyewe akaingilia kumtetea, na Rick Barry, nyota mwingine wa zamani, akaja kuwakemea mashabiki. Mimi sikuwa pale, lakini moyo wangu ulikuwa na wale waliozomea. Oktoba ileile Curry akasaini miaka minne kwa dola milioni 44, nikasema hizo ni fedha zilizotupwa. Mwaka 2015 Curry akawa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, na Golden State wakachukua ubingwa ambao hawakuwa wameuonja kwa miaka 40. Bogut alikuwemo.

Hayo ni matokeo, na matokeo kila mtu anayajua. Sababu zangu ndizo zinazoniuma.

Nilikuwa nahesabu pointi, basi. Sikuhesabu Ellis anatupa mara ngapi ili azipate. Sikujiuliza nani atamkaba gadi mrefu wa timu pinzani wakati gadi zetu zote mbili, Ellis na Curry, ni fupi na nyembamba. Usiku baada ya usiku niliwaona wakipitwa, nikawalaumu masenta, wale warefu wanaolinda chini ya goli. Ulikuwa ushahidi wa wazi, mechi nzimanzima za ushahidi, nami niliutazama kama mtu anayetazama mvua dirishani.

La pili ni zito zaidi. Nilimpenda Ellis. Alikuja mwaka 2005 akitokea sekondari moja kwa moja, chaguo la 40, raundi ya pili, akakua mbele yetu mpaka akawa mtu. Alikuwemo kwenye kikosi cha 2007 kilichowatoa Dallas waliokuwa wameshinda mechi 67. Mapenzi hayana kosa, shabiki asiyempenda mchezaji anatazama nini? Kosa langu ni kwamba nilichukua mapenzi nikayavika takwimu, nikasimama mbele za watu nikayaita uchambuzi. Ningesema tu, "Nampenda huyu, msimuuze," ningekuwa nimesema ukweli.

Na Curry nilimhukumu kwa majeraha kana kwamba kuumia ni tabia ya mtu.

Nirudi kwenye kile kikao, maana kulikuwa na mtu mmoja aliyenigusa. Zamu yake ilipofika alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Nilimkataa Nikola Jokić, yule senta wa Denver, kwa sababu ya mwili wake. Nilimwona mnene, haruki, hana mbio, nikafunga kitabu. Sikuwa nimetazama hata mechi yake moja." Hakuna aliyecheka. Akaendelea kueleza kwamba baadaye alirudi nyuma akakuta Jokić alishakuwa MVP wa ligi ya Adriatic mwaka 2015, kabla hajagusa uwanja wa NBA. Pasi zile tunazozishangaa leo alikuwa akizitoa kule kule, na yeyote aliyetaka kuziona angeziona.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka 2014 Denver walimchukua wa 41, na jina lake lilipotajwa televisheni ilikuwa kwenye tangazo la biashara la migahawa ya Taco Bell. Leo ana MVP tatu, ana ubingwa wa 2023, na ndiye aliyekuwa bora wa fainali ile. Lakini rafiki yangu hakusema "nani angejua." Alisema angeweza kujua na hakujisumbua. Hicho ndicho nilichokuwa nangojea kutoka kwa wengine sita, mimi nikiwemo, kwa sababu zamu yangu nilipoipata nilimtaja Ellis kwa sentensi moja nikanyamaza.

Kuhusu mabadilishano, ugonjwa wetu ni jina. Timu inayopata jina tunalolijua ndiyo tunaipa ushindi siku hiyohiyo. Julai 2019 Oklahoma City walimpeleka nyota wao Paul George kwa Clippers, waliokuwa wakimpata pia Kawhi Leonard. Tulijaza midomo yetu Kawhi na George, George na Kawhi, na nilimsikia mtu akisema Oklahoma wameamua kufa. Katika mzigo walioupokea kulikuwa na kijana wa msimu mmoja, Shai Gilgeous-Alexander, na chaguo tano za raundi ya kwanza, yaani zamu za kuchukua vijana wapya. Moja kati ya hizo ikawa Jalen Williams mwaka 2022. Mwaka 2025 Shai akawa MVP wa ligi na wa fainali, Williams akafunga 40 katika mechi ya tano ya fainali hiyo, na kombe likaenda Oklahoma. Clippers bado hawajacheza fainali hata moja.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mara nyingine umati huwa sahihi tangu dakika ya kwanza. Februari 2025 Dallas walipomtoa Luka Dončić kwa Lakers na kumchukua Anthony Davis, mashabiki walilia na walikuwa na haki ya kulia; miezi michache kabla Luka alikuwa amewafikisha fainali. Davis aliumia katika mechi yake ya kwanza. Meneja mkuu, Nico Harrison, alifukuzwa Novemba. Wapo wanaosema Dallas waliokolewa na Cooper Flagg, kijana waliyemchukua namba moja mwaka huohuo, lakini nafasi yao ya kushinda bahati nasibu inayompa mtu chaguo hilo ilikuwa asilimia 1.8. Uamuzi haugeuki kuwa mzuri kwa sababu mipira ya bahati nasibu ilianguka vizuri. Na mimi nisingependa kosa langu la 2012 lisamehewe hata kama Curry angeumia tena, kwa kuwa kosa la kufikiri kwangu lingebaki lilelile.

Kuna mtu mmoja sijamwambia haya. Ni kaka yangu mkubwa, tuliyebishana naye usiku ule wa Machi. Aliniambia taratibu, "Wewe unatazama mpira unapoingia tu. Mtazame yule dogo anavyowavuta watu watoke nje." Nikamjibu kwamba hajui kikapu, nikamnunia wiki nzima. Golden State walipobeba kombe 2015 hakunipigia simu, hakuandika chochote, na hajawahi kulitaja mpaka leo. Jumapili nakwenda kwake. Nitaanzia kwenye lile neno la kwamba hajui kikapu.