Madai Yangu kwa Mwimbaji Aliyebadilika

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa shari. Mimi ni fundi redio hapa Mikindani, na kazi ya fundi redio katika zama hizi za simu za mkononi ni kukaa barazani, kuwatazama wapita njia na kunung'unika kwa utaratibu. Ninayemnung'unikia safari hii ni mwimbaji mmoja wa muziki wa dansi, ambaye sitamtaja kwa jina kwa kuwa yeye ana wanasheria na mimi nina madeni. Bwana huyu ameyaacha magitaa na matarumbeta tuliyompendea, akahamia kwenye midundo ya kompyuta ambayo kila nikiisikia mkono wangu hukimbilia bisibisi, nikidhani kwamba spika imepasuka.

Nimeketi nikapiga hesabu ya yote ninayomdai, na orodha si fupi. Kuna kanda nilizonunua kwa fedha za korosho kabla hata ya kununua salfa ya kupulizia mikorosho yenyewe, jambo ambalo marehemu baba yangu alilizungumza hadi mwisho wa maisha yake. Kuna betri nilizozianika juani ili zinifikishe walau mwisho wa upande wa pili. Kuna mwanangu wa pili, niliyempa jina la mwimbaji huyo, na jina la mtoto halirudishwi dukani. Na kuna ile kanda yake ya kwanza, iliyomezwa na redio usiku wa kuamkia Idi: niliutoa utepe polepole kwa ncha ya kibanio cha nywele cha mke wangu, nikakikata kipande kilichokunjamana, nikaunga kwa selotepu nyembamba, na tangu siku hiyo katika ubeti wa tatu mwimbaji huruka maneno mawili. Mimi nami nikiuimba wimbo huo huyaruka, na nikimsikia mtu akiyaimba humwona kama ameongeza ya kwake. Je, mtu aliyeutunza wimbo kiasi hicho hastahili hata kuulizwa kabla mwenye wimbo hajahamia kwenye kompyuta?

Hoja hiyo niliipeleka kijiweni kwa wanywa kahawa, nikitarajia kuungwa mkono. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye huniamkia vizuri kabla ya kunivunjia heshima, akasema, "Shikamoo, mzee wangu. Ulitoa hela, ukapewa kanda. Deni liko wapi hapo?" Nikamweleza kwamba mapenzi ya muziki hayaendeshwi kama stakabadhi ghalani, ambako mtu hupeleka mzigo wake, akapimiwa kilo, akasubiri mnada, kisha akalipwa kilicho chake na mambo yakaishia hapo. Badala ya kutafakari, kijana akaniuliza kama zile nyimbo ninazowaingizia wateja kwenye memori kadi, kwa malipo, huwa nampelekea mwimbaji fungu lake. Nilimjibu kwamba hayo ni masuala ya kiufundi. Ni kweli kwamba nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini sheria hiyo imeshughulika na haki za wasanii, watayarishaji na watangazaji. Msikilizaji anayetaka kuidai sauti ya zamani hakutengewa hata kifungu kimoja, na nadhani wabunge walisahau.

Muuza pweza, ambaye ndiye mwenye busara kijiweni kwetu ingawa bei zake hazina busara hata kidogo, akatukumbusha wachongaji wa Kimakonde. Vinyago vya mashetani, vile vyenye viungo vilivyopinda na nyuso zisizofanana na uso wa binadamu yeyote isipokuwa mkopeshaji wangu, vilianzishwa na Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, wakati wanunuzi wa Dar es Salaam walikuwa wamezoea sanamu za mzee na mkongojo wake au mama na mtungi wake. Angekuwa na mashabiki kama mimi, bila shaka wangemwitia kikao. Leo mashetani hayo hayo ndiyo yamekuwa Umakonde halisi, na mchongaji wa soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, akijaribu kuuchonga mpingo kwa namna nyingine, mnunuzi humuuliza mashetani yako wapi. George Lilanga naye, Mmakonde aliyeanza na patasi, alishika brashi akajaza rangi kila mahali, na hadi anafariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimevuka bahari, jambo ambalo redio zangu hazijawahi kulifanya. Nilikiri kwamba hoja ina uzito. Nilimwomba tu asiiseme kwa sauti kubwa mbele ya kijana wa bodaboda.

Hata hivyo, nami nilikuwa na mfano wangu, na mfano huo ndio kiini cha shauri lote. Remmy Ongala alituchezesha dansi na bendi yake ya Super Matimila, kisha akaokoka, akaachana na dansi na kuimba nyimbo za Injili hadi alipofariki Desemba 2010. Wapo mashabiki walionuna. Mimi, Mwislamu wa Mikindani, sikumdai hata senti moja, kwa sababu mtu yule alisema waziwazi anakokwenda. Aliyetaka kumfuata alimfuata, na asiyetaka alibaki na kanda zake. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipochapisha kitabu chake Kichomi mwaka 1974, chenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wenye kushika arudhi, yaani kanuni za ushairi, walimjia juu, lakini hakumficha mtu chochote: ukifungua kitabu unajionea mwenyewe dukani, kabla hujaingiza mkono mfukoni. Nikawaeleza pia kwamba huko Manchester, Uingereza, mwezi Mei 1966, mtazamaji mmoja alimpigia mwimbaji wa Marekani Bob Dylan ukelele wa "Yuda!", yaani msaliti, kwa sababu alikuwa ameshika gitaa la umeme badala ya lile kavu walilomzoea nalo. Muuza pweza alishangaa sana. Alisema watu hao walikuwa na bahati iliyopitiliza, maana gitaa la umeme ndilo hasa sisi tunalolililia.

Kwa hiyo sidai kwamba mwimbaji abaki vilevile. Mimi mwenyewe sijabaki vilevile, na mke wangu ana ushahidi wa picha. Dai langu linahusu gari la matangazo. Gari hilo lilipita Mikindani wiki nzima likitangaza kwamba bwana huyo atakuja Mtwara mjini kuimba nyimbo zake zilezile za zamani, na bango lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na kibanda changu lilimwonyesha akiwa na bendi kamili, wapiga tarumbeta wote, na nywele ambazo hana tena. Nilipiga pasi suruali. Nilimlipia muuza pweza nauli, jambo lisilo la kawaida. Tulipoingia ukumbini tukamkuta mwimbaji yuko peke yake na kijana mwenye kompyuta ndogo, na katika onyesho zima wimbo wa zamani ulikuwa mmoja, tena ulikatwa kabla ya ubeti wa tatu, kwa hiyo sikupata hata nafasi ya kuruka maneno yangu mawili. Mtu aliyebadilika ana uhuru wa kuchapisha picha ya leo, kijana wa kompyuta akiwemo, na kuweka kiingilio anachokiona kinafaa. Ninachokikataa ni kuuziwa upya ujana wake kwa bango, kisha nikifika mlangoni niambiwe kwamba sanaa haisimami mahali pamoja.

Msimamo huo nilimfikishia mratibu wa onyesho kwa simu, kwa lugha ya staha, nikimwomba anirudishie nusu ya kiingilio. Aliniuliza kama bado ninayo tiketi. Nikamwambia ninayo, na iko katika hali nzuri. Akaniuliza iwapo nilitoka ukumbini kabla ya onyesho kwisha. Nikamwambia hapana, nilibaki hadi mwisho ili niwe na ushahidi uliokamilika. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nilicheza. Simu ilikuwa imewekwa kwenye spika na muuza pweza alikuwa ameketi pembeni yangu, kwa hiyo nilikata, nikasema mtandao unasumbua.