Feni Iliyokataa Kuvuta Mbele ya Mama Meneja

Kwa kuwa fundi umeme wangu ameshaisambaza habari hii kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, tena kwa namna inayomtoa yeye kabisa kwenye tukio, nimeona niieleze mwenyewe kabla macho hayajaacha kuwasha. Si kweli kwamba nililia. Yale yalikuwa maji ya sabuni ya kuyeyushia mafuta, na hata wewe unayecheka yangekutoa machozi.

Mnaofuatilia kazi zangu mnajua kwamba kusafisha hudi za jikoni, yaani yale makasha ya bati juu ya majiko yanayonyonya moshi na kuupeleka nje kwa bomba na feni, hapa Mbeya wakati wa baridi ni adhabu. Mvuke wa mafuta unaotoka kwenye makarai ya chipsi na kuku, ukikuta bati la bomba limepoa, hugandia humo humo, hivyo mwezi Julai mtu hakwangui mafuta bali anayachonga. Hoteli yenyewe, ambayo siitaji kwa sababu bado inanidai maelezo nami naidai nusu ya malipo, huchoma pia nyama kwa mkaa. Viwango vya NFPA 96 vya Marekani, vya kuzuia moto kwenye mifumo ya moshi ya majiko ya biashara, ambavyo sisi mafundi hupenda kuvitaja mbele ya wateja, vinataka mfumo unaobeba moshi wa mkaa ukaguliwe kila mwezi. Huu hakuna aliyekumbuka uliguswa lini. Basi usiku tulifunika majiko kwa nailoni, tukakata umeme, tukaloweka vichujio kwenye maji ya moto, tukakwangua bomba, na feni ikateremshwa ukutani ili mapanga yake yasuguliwe. Feni haiteremki bila nyaya kufunguliwa, na nyaya zikishafunguliwa lazima mtu azifunge tena. Naomba mshike hapo.

Asubuhi mama meneja alikuja kukagua kazi akiwa amejitanda shali nyeupe, pamoja na mpishi mkuu, mama mmoja wa Tukuyu asiyependa maneno mengi, na vijana wote wa jikoni. Nami hadhira huwa siiachi ipite. Nilisimama chini kabisa ya hudi, pale ambapo vichujio vilikuwa havijarudishwa kwa sababu vilikuwa nje vikikauka, nikainua kipande cha tishu na kueleza kwamba feni ikivuta sawasawa, karatasi hupanda yenyewe bila kusukumwa na mtu.

“Kaka, niwashe?” fundi umeme aliuliza.

Nilimwambia awashe, nikaendelea kuhutubia huku uso umeelekea juu.

Swichi ililia, feni ikaanza kunguruma taratibu, na mimi nikatabasamu kitaalamu. Tishu haikupanda. Ilitetemeka, ikajikunja, kisha ikashuka na kunata puani mwangu. Niliibandua. Nilipata muda wa kutosha kabisa kuwaza kwamba huu upepo unakuja, hauendi, lakini sikupata muda wa kufunga mdomo. Tone la kwanza lilitua kwenye paji la uso, likiwa la baridi na zito, likateremka polepole kufuata nyusi. La pili liliingia mdomoni nikiwa katikati ya neno “usalama”, nalo lilikuwa na ladha ya kuku aliyekaangwa enzi za meneja aliyepita. Baada ya hapo yalikuja yote yaliyokuwa yamebaki kwenye kipande cha bomba kilicholala, yaani maji ya kusuuzia, masizi, na magamba ya mafuta tuliyokuwa tumeyalegeza usiku, yakinimwagikia kama aliyesimama chini ya paa bovu wakati wa masika.

Kwa wasiojua: mota ya umeme wa fezi tatu, ukibadilisha nafasi za nyaya zake mbili tu, huzunguka kinyume, na feni ya mapanga ikizunguka kinyume hupuliza ndani ule upepo iliotakiwa kuutoa nje. Ingekuwa ile ya gurudumu iliyofungiwa ndani ya kasha la mviringo, ingevuta kivivu tu na heshima yangu ingesalimika. Mshale wa kuonyesha feni izunguke upande gani umechorwa kwenye kasha lake, kule juu ya ngazi. Juu ya ngazi alikuwepo nani? Endeleeni kusikiliza sauti zake kwenye kundi.

“Fundi,” mama meneja alisema akitazama doa moja jeusi kwenye shali, “na hapa ndiyo imeshasafishwa?”

Yule mpishi mkuu aliniangalia kuanzia nywele hadi viatu. “Ndaga fijo, fundi,” alisema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akashika meza ya kukatia nyama ili asianguke kwa kicheko.

Umeme ulizimwa, nyaya mbili zikabadilishwa, bomba likasuuzwa upya, tishu ikapanda, na chipsi za mchana zikatoka kwa wakati. Shali imepelekwa kwa dobi kwa gharama yangu. Dereva wa bajaji alitandika gunia kwenye kiti kabla ya kuniruhusu nipande, na fundi umeme akasema yeye atatembea tu.