Nyiragongo haukuanza 2002
Makala niliyoisoma kuhusu Nyiragongo, mlima wa volkano mashariki mwa Kongo (DRC), imeanza historia yake na mlipuko wa 2002, kana kwamba mlima huo ulikuwa umelala kabla ya hapo. Januari 10, 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa la lava (miamba iliyoyeyuka) lililokuwa kileleni likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava yake ina silika kidogo mno, ile inayoifanya lava iwe nzito, ndiyo maana hukimbia kama maji ya mtoni. Wanakijiji wengine hawakupata hata nafasi ya kutoka. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Mei 22, 2021 mlima ulilipuka tena, na lava ikaishia ukingoni mwa mji huo. Halafu jamani, makala imechanganya majina: Nyamuragira ni mlima jirani, si jina la pili la Nyiragongo!