Spindeli inajengwa na nani, sentrosomu au kromosomu zenyewe?

Nikiwa sekondari tulifanya praktiko ya mzizi wa kitunguu, unakata ile ncha, unailoweka kwenye asidi, unaitia rangi, unafunika na kioo chembamba halafu unakandamiza na dole gumba taratibu mpaka isambae, ukichungulia kwenye hadubini unakuta kromosomu zimejipanga katikati ya seli kama vijiti vyeusi. Ikaja kuchora. Nikachora vijiti, nikachora nyuzi zinazovivuta, na kwenye ncha mbili za seli nikaweka sentrioli, vile vipipa vidogo, kama kitabu kilivyoonyesha, nikatiwa vema. Miaka baadaye ndo nikajua kitunguu hakina sentrioli kabisa! Nilichora kitu ambacho hakikuwepo, na aliyesahihisha naye alikiona sawa, kwa sababu wote tulifundishwa kwamba bila sentrioli, na sentrosomu, yaani kituo cha kuzalishia nyuzi kinachozibeba, seli haiwezi kujigawa.

Sasa kama kitunguu kinajigawa vizuri tu bila hicho kitu, spindeli yake, yaani ule mtambo wa nyuzi unaogawa kromosomu, inajengwa na nani? Watu wa bayolojia ya seli wamelibishania hili miaka mingi na kila upande una hoja nzito.

Kwanza zile nyuzi zenyewe. Zinaitwa mikrotubuli, ni vimirija vya unene wa nanomita 25 hivi, vimejengwa kwa protini inayoitwa tubulini. Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha mwaka 1984 kwamba havitulii, kimoja kinarefuka pole pole halafu ghafla kinaporomoka, jirani yake bado anarefuka. Kwa hiyo seli ikitaka spindeli haihitaji kupanga kila uzi, inaamua tu wapi vimirija vizaliwe kwa wingi na wapi vilindwe visibomoke, hapo ndo udhibiti wote ulipo.

Upande wa kwanza unasema sentrosomu ndo fundi mkuu. Seli ikikaribia kujigawa, vimeng'enya kama PLK1 na Aurora A vinainenepesha sentrosomu, inaanza kutoa vimirija vingi kila upande. Kirschner na Mitchison mwaka 1986 wakaeleza kwamba vimirija hivyo ni kama mshipi wa mvuvi, unarushwa, usipopata kitu unarudi, unarushwa tena upande mwingine, mpaka uguse kinetokori, pale mahali pa kushikia kwenye kromosomu, ukigusa unang'ang'ania. Na kinetokori ambayo haijashikwa inapiga kelele ya kikemia, protini za kina Mad2 zinazuia seli isigawanyike mpaka ya mwisho ishikwe. Ni maelezo mazuri na kwenye seli zetu nyingi za mwili unayaona kwa macho yakitokea.

Shida ni hesabu. Mwaka 2005 watu walipiga mahesabu wakakuta kurusha mshipi hovyo hovyo tu kungechukua muda mrefu kuliko ule ambao seli inatumia kweli, lazima kuwe na kitu kinachovuta nyuzi kuelekea kwenye kromosomu.

Hapo upande wa pili unaingia. Mwaka 1996 Rebecca Heald na wenzake walichukua vishanga vidogo, wakavipaka DNA, wakaviweka kwenye uji wa mayai ya chura Xenopus, chura wa kusini mwa Afrika. Hamna sentrosomu, hamna kinetokori, lakini spindeli ikajijenga yenyewe, na ncha zake mbili! Baadaye siri ikajulikana, ni protini ndogo inaitwa Ran. Mwenye kuiwasha, RCC1, amekaa juu ya kromosomu, kwa hiyo Ran iliyowashwa inakuwa nyingi karibu nazo na inapungua kadri unavyoenda mbali, kama harufu ya vitumbua mtaani asubuhi, ukisogea inazidi. Palipo na Ran nyingi ndo protini kama TPX2 zinafunguliwa na vimirija vinazaliwa. Mwaka 2006 ikaonyeshwa kwamba hata nzi wasio na sentrioli wanakua mpaka utu uzima, ila wanakufa mapema kwa sababu neva zao za hisia hazina silia, vile vinyweleo vidogo vya seli ambavyo hujengwa juu ya sentrioli, sio kwa kushindwa kugawa seli.

Basi mtu angesema kesi imeisha, sentrosomu ni pambo. Mimi sikubali. Kiinitete cha panya kisicho na sentrioli kinafia tumboni, na seli zetu za kawaida zikinyang'anywa sentrosomu zinasimama, protini mlinzi inayoitwa p53 inazifungia mlango zisiendelee. Kujenga spindeli zinaweza, ila zinachelewa.

Na angalia yai la mwanamke, ambalo halina sentrosomu. Timu ya Melina Schuh ilitangaza mwaka 2015 kwamba spindeli ya yai la binadamu inachukua kama masaa 16 kujengeka, ikitegemea Ran, na muda huo inayumba, ncha zinafunguka, kromosomu zinashikwa vibaya. Kromosomu moja ikienda upande sio ni mimba inaharibika, au mtoto anazaliwa na kromosomu namba 21 tatu badala ya mbili, yaani Down syndrome. Mama aliyepoteza mimba tatu akajilaumu kwamba alibeba ndoo za maji anapaswa kusikia hili, maana mara nyingi kosa lilishatokea ndani ya yai kabla hata hajajua ana mimba.

Lakini hapa nami napunguza kasi, maana yai la panya nalo halina sentrioli na spindeli yake imetulia zaidi. Panya ana vituo vingine vya kuzalishia nyuzi, na ana KIFC1 ya kutosha, protini inayofanya kazi kama mota na kufunga vimirija pamoja. Mwaka 2022 timu hiyo hiyo iliongeza KIFC1 kwenye mayai ya binadamu, spindeli zikatulia. Mwaka huo huo watafiti wa China wakasema yai la binadamu nalo lina kituo chake cha kuanzishia nyuzi, kinatoka ukingoni mwa yai na kusogea kuelekea kromosomu. Kwa hiyo kukosa sentrosomu peke yake sio jibu, jibu liko kwenye kile seli ilichoweka badala yake, na kukijua lazima uchunguze mayai ya binadamu yenyewe yaliyotolewa na wanawake waliokubali, ambayo ni machache sana, maana kama tulivyoona, ya panya hayatuambii yote.