Boila imezidiwa, au mabomba yanakula mvuke?

Mvua zikishika Mufindi, Njombe na Rungwe, majani ya chai huja kwa wingi, na viwandani lawama huja pamoja nayo. Presha ya mvuke inashuka, drayeri inayokausha majani inapoa, chai inapikika badala ya kukauka, na meneja anaandika barua ya kuomba boila, yaani mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, iliyo kubwa zaidi. Wapo mafundi wanaosema boila haina kosa, kosa liko kwenye mabomba. Mara nyingi barua ndiyo inayoshinda. Naona inashinda mapema mno, ingawa wanaoiandika si wajinga.

Tuanze na hoja yao, maana ina uzito. Kati ya Januari na Aprili mambo matatu hukutana: majani mengi, hewa yenye unyevu inayofanya unyaushaji nao udai hewa ya moto, na kuni zilizolowa. Kuni za mikaratusi zikiwa mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yake zenyewe kabla hazijachemsha ya boila. Ongeza ukoko wa chokaa ulioganda kwenye mabomba ya ndani ya boila ya zamani, na upungufu unakuwa wa kweli kabisa. Tena kiwanda hakisimami: jani lililochumwa leo haliwezi kungoja fundi afumue laini nzima. Boila mpya hujengewa msingi wake pembeni huku ya zamani ikiendelea kufanya kazi. Benki inaielewa kama mali, OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wanaikagua kwa sheria ya mwaka 2003, na wakurugenzi wanapiga nayo picha. Sijawahi kuona mkurugenzi akipiga picha na flenji, kiungo cha mabomba, iliyobadilishwa gasketi.

Sasa fuata mvuke hadi mwisho wa safari yake. Ukishatoa joto lake kwenye radieta ya drayeri, unageuka maji. Maji hayo yatoke, mvuke ubaki: kazi hiyo hufanywa na trapu, kifaa cha chuma, mara nyingi cha kuenea kiganjani, kinachokaa chini kwenye vumbi na ambacho hakuna anayekitazama hadi bomba lianze kugonga. Trapu ikiziba, maji yanajaa radieta kuanzia chini, nusu yake inapoa, na hewa inayoingia kwenye drayeri inashuka joto. Mtu wa zamu ya usiku hana spea wala ruhusa ya kusimamisha laini. Alichonacho ni valvu ya pembeni, ile inayoruka trapu. Anaifungua, maji yanatoka, drayeri inapata moto na chai inaokoka. Asubuhi hakuna anayeifunga, kwa sababu ikifungwa drayeri inapoa tena. Tangu hapo mvuke mzimamzima unaishia mtaroni. Zikipita wiki chache na valvu mbili tatu za namna hiyo, presha inashuka kiwanda kizima, na meneja anaona, tena kwa haki, kwamba boila haitoshi. Yule wa zamu simlaumu. Alifanya jambo pekee lililokuwa mkononi mwake.

Wizara ya Nishati ya Marekani imewahi kukadiria kwamba mfumo wa mvuke uliokaa miaka 3 hadi 5 bila matengenezo huenda ukawa na trapu mbovu kati ya asilimia 15 na 30. Hayo ni makadirio ya kwao, kwenye nchi ambako spea hailetwi kwa basi kutoka Dar es Salaam. Basi tuchukue ile 15, tuwe wapole. Kiwanda chenye trapu 40 kitakuwa na mbovu 6. Trapu yenye tundu la milimita 3, ikikwama wazi kwenye presha ya bar 7 (bar ni kipimo cha presha), hupitisha kilo 24 hivi za mvuke kwa saa. Ukisikia kilo 24 unaona ni kitu kidogo. Lakini zizidishe kwa saa 6,000 za kazi kwa mwaka, unapata tani 144 za mvuke. Kilo moja ya kuni zilizokaushwa vizuri hutoa kilo tatu hadi nne za mvuke, kwa hiyo tundu hilo moja linakula takriban tani 40 za kuni kwa mwaka. Ni Fuso tano za tani nane nane. Sema kati ya trapu 6, nusu zimekwama zikiwa zimeziba na nusu zikiwa wazi: hizo tatu za wazi ni Fuso 15, na hapo valvu za pembeni hatujazihesabu. Mkaratusi wa kuni huchukua miaka kukua. Kukata heka za ziada ili kulisha mtaro ni jambo ambalo ningependa lisomwe kwenye kikao cha bodi kwa sauti.

Na boila mpya hufanya nini hapo? Mara nyingi huja na presha ya juu zaidi. Ukipanda kutoka bar 7 hadi bar 10, kila tundu lililokuwa likivuja linavuja zaidi kwa theluthi moja na ushee, kwani uvujaji hufuata presha. Kwa muda shida inafichika, kisha bili ya kuni inapanda na hakuna anayejua kwa nini.

Tatizo jingine ni unene wa bomba, hasa pale drayeri ya pili ilipofungwa kwenye laini ileile iliyochorwa kwa drayeri moja. Mvuke ukipita maradufu, presha inayopotea njiani inakuwa mara nne. Bomba la inchi 2 hupoteza mara saba hivi ya lile la inchi 3 kwa mvuke uleule. Kulijua hili hakuhitaji mshauri kutoka mbali: msomaji mmoja asimame kwenye geji ya boila, mwingine kwenye geji ya drayeri, wasome kwa dakika ileile kazi ikiwa imepamba moto. Geji ya boila ikisimama na ya drayeri ikaanguka, boila kubwa haitasaidia kitu. Zikianguka zote mbili, ndipo pa kuulizana kama mvuke unatumika au unamwagika.

Upande wa mabomba nao una chumvi zake. Wanapenda kusema maji ya moto yote yarudishwe kwenye tangi la boila, na hesabu yao ni sahihi: kila nyuzi 6 unazoongeza kwenye maji yanayoingia hupunguza kuni kwa asilimia 1 hivi. Ila huku juu, kwenye mita 1,800, maji huchemka karibu na nyuzi 94. Tangi lenye maji ya nyuzi 90 limebakiza kidogo sana lichemke, na pampu ikivuta maji hayo, yanageuka mvuke ndani yake, inanguruma na kuacha kusukuma. Boila inayokosa maji huku moto ukiwaka ni hatari kubwa kuliko kuni zozote zinazopotea. Tangi linatakiwa kuinuliwa juu zaidi ya pampu, pengine na pampu ibadilishwe, na hiyo si kazi ya wikendi. Kufunika mabomba yaliyo wazi, kuyapa mteremko kuelekea mvuke unakokwenda na kutoa matawi juu ya bomba badala ya chini: hayo yanafanyika bila mabishano.

Kwa hiyo trapu zipimwe kwanza, kwa kipimajoto au hata kwa bisibisi ndefu iliyoegeshwa sikioni, msimu wa kiangazi majani yanapopungua na laini inaweza kulala siku mbili. Mbovu zibadilishwe, valvu za pembeni zifungwe na ziwekewe lebo. Mvua zikirudi na geji zote mbili zikaanguka pamoja, barua ya meneja ipitishwe, na bomba kuu likokotolewe upya kabla boila haijaagizwa.